Mwaka Tuliokipamba Kiwanda

Tulimzika Bernado siku ya mvua, nyumbani kwake Muleba, kati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Nilikuwa nimekaa na wanawake upande wa jikoni wakati mjukuu wake aliposimama kusoma historia ya marehemu. Akasoma ubatizo, ndoa, watoto, kazi ndefu katika chama cha wakulima. Kisha akasema, "Katika ujana wake aliwahi kufanya kazi Bukoba mjini, katika kiwanda cha kahawa ambacho baadaye kilifungwa," akageuza karatasi na kuendelea na mambo ya kanisa. Nilishtuka hata mwanamke aliyekuwa kando yangu akanishika mkono, akidhani nimezidiwa. Kilifungwa. Neno moja tu, na mwaka mzima wa maisha yetu ukapita ndani yake. Nilitazama huku na huku nikitafuta uso wa mtu mwingine aliyekuwapo, wa kumuuliza kama naye amesikia. Hakukuwa na mtu. Katika wote waliokijua kile kiwanda kwa kukikanyaga, nimebaki mimi, bibi kizee wa Kiislamu kutoka Hamugembe niliyeletwa msibani kwa gari la kuazima. Ndiyo maana ninaandika.

Nilikuwa mke mpya mwaka ule, bado wakati wa mkoloni. Nilikuwa nimeolewa na Idi, mtoto wa pekee wa Mzee Sudi, na nyumba niliyoingia ilikuwa imeshikana na kiwanda kama watoto pacha. Ukitoka sebuleni ulipita ukumbi mwembamba wenye giza, ukafungua mlango wa mbao, na mara ukawa uani penye kahawa iliyotandazwa juani, na mbele yako banda kubwa la mabati lenye mashine ya kukobolea. Vumbi la maganda lilituingilia hadi kitandani. Mama mkwe wangu, Bi Rukia, alikuwa akikung'uta shuka asubuhi na kucheka kwamba sisi tunalala ndani ya gunia. Jikoni kwake kulikuwa na mafiga ya kuivishia chakula cha nyumba, na mengine makubwa ya chakula cha wafanyakazi, na yeye alipika vyote viwili akienda huku na huku na upawa mmoja. Ndizi, maharage, samaki wa ziwani, na msimu wa senene ukifika, senene waliokaangwa hadi wakawa wekundu, ambao kwa desturi za huko waliliwa na wanaume huku sisi wanawake tukijifanya hatusikii harufu. Watu wote wa kiwandani walikula mchana ule ule, saa ile ile tuliyokula sisi, wao uani na sisi ukumbini, mlango ukiwa wazi. Nilidhani maisha ndivyo yalivyo kila mahali.

Siku Mzee Sudi alipotutangazia, tulikuwa tunakula. Alikuwa mtu wa maneno machache na kanzu safi, aliyeanza na kinu cha mkono akafika kwenye injini, na hakuna aliyemwuliza swali bila kwanza kufikiri. Alinawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akasema, "Tunauza kiwanda." Bi Rukia aliacha upawa ndani ya sufuria. Idi alitabasamu, kwa kuwa alidhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha. "Si kuuza kama mtu anayeuza mbuzi," baba yake akaendelea. "Kuna kampuni kubwa, ina viwanda huko na huko. Itatuchukua ndani yake. Tutakuwa kitu kimoja." Idi akauliza kwa sauti ndogo, "Na sisi, baba?" Mzee akasema, "Kampuni kubwa inahitaji watu wakubwa." Hakusema zaidi ya hapo. Lakini sisi, kila mmoja mahali pake, tuliijaza ile sentensi tulivyotaka. Idi alijiona meneja. Bi Rukia aliona mwanawe akipanda cheo. Mimi nilimwona mume wangu akitembea wima, na hilo lilinitosha.

Baada ya hapo alikuja mwakilishi wa kampuni, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Rula kwa sababu hakuacha kupima. Alipima banda, akapima uwanja, akapima hata choo. Alijua Kiswahili cha kutosha kuagiza. Paa libadilishwe mabati yaliyotoboka. Injini ifunguliwe, isafishwe, ifungwe tena. Lori lipakwe rangi, kuta zipakwe rangi, mlango mkubwa uandikwe upya jina la kiwanda. Wakubwa wake, alisema, hawaji kununua vumbi. Halafu akataka vitu vitenganishwe, vya nyumba huku na vya kiwanda kule, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hatukuwahi kujua mpaka uko wapi. Lori lilibeba kahawa na lilikuwa limenibeba mimi siku ya harusi. Kuni zilikatwa na watu wa kiwanda zikachomwa jikoni kwetu. Bwana Rula alisimama mbele ya mafiga, akaelekeza fimbo yake ya kupimia kwenye sufuria kubwa. "Hii ya nani? Ya nyumba au ya kiwanda?" Bi Rukia akamjibu, "Ya wanaokula." Yule Mzungu alisubiri jibu lingine, akakosa, akaenda zake. Tulicheka siku hiyo. Sasa nikikumbuka najiuliza kama mama mkwe wangu hakuwa ameshaanza kuogopa.

Bernado ndiye aliyekuwa mkuu wa mashine. Alikuwa rika la mume wangu, Mkatoliki wa Muleba, mwenye mikono minene na sauti ya kwaya, na ingawa umri wake ulikuwa mdogo wote walimwita Ta Bernado kwa heshima ya kazi yake. Kampuni ilitaka kuona kiwanda kimejaa. Basi Mzee Sudi alimtuma Bernado azunguke kwa wakulima, kuanzia kwao Muleba hadi Kimwani, awaombe walete kahawa yote kwetu mwaka ule, wasipeleke kwingine. Bernado alienda kwa moyo mweupe. Aliporudi alikaa kizingitini mwa jiko letu, akanywa uji, akanisimulia alivyowaambia watu. "Nimewaambia, dada Asia, kiwanda kinakua. Mashine ya pili inakuja. Vijana wao watapata kazi. Mjomba wangu aliyekuwa na ugomvi na Mzee, hata yeye amekubali." Alikuwa amemhamisha mkewe kutoka Muleba, akapanga chumba karibu nasi, na kibanja chake, shamba lake la migomba, amekiacha kwa ndugu yake akitunze. "Mbona umehama moja kwa moja?" nikamwuliza. Akasema, "Waitu, dada yangu, mtu hawezi kuwa na mguu mmoja mjini na mwingine mgombani." Na kahawa ikaja. Ilijaa ghala letu lililokuwa Muleba, ikaletwa kwa lori, ikajaa uwanja wetu hadi tukapita kwa kuruka. Nilisikia jioni moja barazani Idi akimwambia baba yake kwamba mwaka ujao itabidi wapanue banda, na nikamsikia baba yake akikohoa tu. Nilidhani ni vumbi.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Wanaume wa nyumbani walikuwa msikitini, wafanyakazi walikuwa wamelala kivulini baada ya kula, na Bi Rukia alikuwa kwa jirani aliyejifungua. Mlangoni akabisha mtu nisiyemjua, mwenye kamba ya kupimia shingoni na penseli sikioni. Alijitambulisha kuwa ni Fundi Deo, seremala, kutoka upande wa Rubya. Ametumwa na Bwana Rula. Nilimkaribisha, kwa sababu ametoka mbali, nikampa ndizi na mchuzi uliobaki, na yeye akala kwa shukrani, akanisifu mkono, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Kimwani akafurahi, akataja watu anaowajua huko. Alikuwa mtu mwema kabisa. Alipomaliza akasimama akasema, "Sasa nionyeshe mashine, mama, nipime haraka kabla watu hawajarudi. Bwana alisema nije saa hii, nisiwasumbue."

"Unapima nini?" nikamwuliza. "Unatengeneza meza?"

"Masanduku."

"Masanduku ya nini?"

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo linalojulikana. "Ya mashine, mama. Makubwa, ya mbao ngumu, yenye misumari mirefu. Wanaifungua vipande vipande, inaingia masandukuni, inapanda meli. Hamkuambiwa? Nimeagizwa yawe tayari kabla ya mwisho wa msimu."

Nakumbuka nilishika mwimo wa mlango. Nakumbuka rangi ilikuwa bado haijakauka vizuri, ikaniganda kiganjani, ya kijani. Nikasema, "Inaletwa nyingine?" Na Fundi Deo, ambaye sasa alikuwa ameanza kuelewa, akashusha sauti. "Mama, mimi ni seremala tu. Lakini nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba banda wataliacha. Wanataka mashine, na wanataka kusiwe na mtu mwingine wa kununua kahawa mjini isipokuwa wao." Halafu akashtuka kwa Kihaya, "Mawe! Mama yangu! Nimesema nini?" Akatoka bila kupima, kofia yake ikabaki kwenye kiti.

Nilimweleza Idi pale pale aliporudi, chumbani kwetu, nikiwa nimesimama. Hakunifokea, hakunishuku. Alikaa kitandani akavua viatu vyake vipya, vile alivyonunua kwa ajili ya umeneja, akaviweka vizuri sambamba, halafu akabaki anavitazama. "Baba amedanganywa," akasema. "Lazima tumwambie kabla hajaweka sahihi. Masikini baba." Tulikwenda pamoja ukumbini. Mzee Sudi alikuwa ameketi mbele ya sahani, na Bi Rukia amerudi, anampakulia. Idi akaanza kueleza, akakwama, na mimi nikamalizia. Masanduku, meli, banda kuachwa, kununuliwa ili tusiwepo. Nilitazamia apige meza, aite dereva, aende kumtafuta Bwana Rula.

Alimeza tonge lake. Akasema, "Najua."

Kupitia mlango uliokuwa wazi niliwaona watu wanainuka kivulini kurudi kazini, mmoja akijinyoosha. Mzee Sudi akasema, "Nimejua tangu siku ya kwanza. Ofisini kwa mkuu wa wilaya wameniambia waziwazi. Muda si mrefu kahawa yote itapita kwa wakulima wenyewe, kwenye chama chao, na mtu kama mimi hatapewa leseni. Nikingoja, nitauza mabati. Kampuni haiamini hilo, au inaamini itapewa yenyewe leseni. Basi nauza leo, kikiwa kinanguruma na kimejaa kahawa." Akamtazama mwanawe. "Hakuna anayelipa bei nzuri kwa kiwanda ambacho watu wake wanajua kinakufa. Wangekimbia wote. Ilibidi muamini. Hata wewe. Wewe hasa, maana uso wako hauwezi kuficha kitu."

Idi alitoa sauti nisiyoweza kuiandika. Lakini aliyenitisha ni Bi Rukia. Alikuwa bado ameshika sahani ya mchuzi. Aliiweka chini polepole, akasema, "Sudi." Sikuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina tupu. "Sudi, umeniacha niwapikie watu hawa mwaka mzima na wewe unajua?" Mzee akajibu kwamba chakula kilikuwa halali na mshahara ulikuwa halali. Mama mkwe wangu akasema, "Mimi sijauliza habari ya halali." Kisha akajifunga kanga yake vizuri, akanishika mkono, "Twende, Asia," tukapita ule mlango wa mbao hadi uani.

Aliwaita wote. Walikuja na makopo yao ya rangi na majembe ya kugeuzia kahawa, wakidhani ni chai. Aliwaambia kwa Kihaya, lugha aliyozaliwa nayo, ambayo nyumbani kwa mumewe alikuwa akiitumia kwa nadra. Aliwaambia yote, bila kumtetea mumewe na bila kumtukana. Mtu mmoja alicheka akidhani hakusikia vizuri. Mwingine akakaa chini. Bernado hakusogea. Alikuwa na brashi mkononi na rangi ilimdondokea kwenye mguu, tone kwa tone, na hakuipangusa. Mwishowe akasema, "Mama, mimi nimekwenda hadi Kimwani. Nimeingia nyumba kwa nyumba. Nimewaambia watu kwa mdomo wangu." Bi Rukia akamjibu, "Najua, mwanangu." "Nitawaambia nini?" Katika kundi lile nilikuwa wa pekee niliyetoka Kimwani, nikamfikiria kila mtu wa kwetu aliyembebea kahawa kwa sababu ya sauti yake ile nzuri.

Nilidhani watachoma kiwanda. Idi alidhani wataondoka jioni ile ile. Hawakufanya hivyo, na mpaka leo jambo lile linanishangaza. Walikaa wakazungumza, halafu Bernado akaingia ukumbini kwetu kwa mara ya kwanza, na miguu yake yenye rangi, akaketi kwenye mkeka mbele ya Mzee Sudi. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia na hatukujificha. Bernado alizungumza kwa adabu, macho chini. "Mzee, wakubwa wa kampuni wanakuja kutazama kiwanda. Wakikuta kimelala, hawanunui." Mzee akasema, "Hawanunui." "Basi sisi tutakiamsha. Tutafanya kazi siku ile kuliko siku zote. Lakini lile ghala la Muleba, lisiuzwe. Liandike kwa jina la wakulima walioleta kahawa kwa ajili ya neno langu." Nafikiri Mzee Sudi alishtuka kukuta mtu aliyemdhania fundi wa mashine anaelewa biashara ile sawasawa na yeye. Akasema, "Bwana Rula ameshalipima ghala." Bernado akasema, "Alipime tena, aone halimo katika vinavyouzwa." Ikawa hivyo. Wakubwa walikuja, kiwanda kikanguruma, watu wakaimba, ukuta ukang'aa, wageni wakapeana mikono wakiwa wamefurahi. Nilisimama dirishani na nikaona kila mtu uani anajua, ila wale waliokuja na fedha ndio waliodhani wanajua peke yao. Ghala la Muleba halikuuzwa. Kutokana na ghala lile chama cha wakulima wa upande ule kilipata mahali pa kuanzia, na Bernado alikihudumia hadi nywele zikawa nyeupe. Hilo mjukuu wake alilisoma. Hakujua tu lilikotoka.

Masanduku yalikuja, ya Fundi Deo au ya mwingine, sikuuliza. Mashine ilifunguliwa na watu wale wale walioisafisha, ikapelekwa bandarini kwa lori lile lenye rangi mpya. Idi aliondoka na meli iliyofuata kwenda Mwanza kutafuta kazi, akaniacha kwa mama yake hadi apate chumba. Hakumuaga baba yake kwa mkono, alisimama mlangoni tu akasema, "Baba, nakwenda." Ilichukua miaka, na kuzaliwa kwa mtoto wetu wa pili, kabla hawajakaa tena mkeka mmoja. Bi Rukia aliendelea kumpikia mumewe, akamwekea, akaenda kula na mimi jikoni.

Asubuhi moja baada ya hapo nilikuwa nafagia mbele ya nyumba. Mzee Sudi alikuwa barazani, ametulia, na kwa kweli nilikuwa nimeanza kumwona kama jiwe. Akaja mkulima kutoka Maruku akisukuma baiskeli yenye magunia mawili, na mkewe nyuma, mtoto mgongoni, akiyashikilia yasianguke. Hawakuwa wamesikia. Walisimama mbele ya mlango mkubwa uliofungwa kwa mnyororo. Mzee aliwaeleza, kwa kifupi, kwamba kiwanda kimeuzwa. Yule mkulima akafikiri kidogo, akapangusa jasho, akasema, "Basi nunua wewe mwenyewe, Mzee. Sisi hatumjui mwingine. Utaikoboa popote utakapopata. Sisi tumekuzoea wewe."

Mzee Sudi akasema, "Siruhusiwi."

Yule mwanamke akacheka, kwa heshima, kama mtu anayecheka mzaha wa mkubwa. Nilisimamisha ufagio. Mzee akarudia, na safari hii sauti ilikuwa imepasuka. Alikuwa ameweka sahihi kwamba hatanunua kahawa tena, wala yeye wala mwanawe, si Bukoba, si Muleba, hata debe moja, muda wote watakaoishi. Hilo nalo ndilo walilolinunua. Alikuwa amelikubali kwa urahisi, alisema, kwa sababu aliona ni maneno tu ya kumalizia. "Sikujua mtu atakuja," akasema. "Nilijua kila kitu. Sikujua kwamba mtu atakuja mlangoni na kahawa yake na mimi nitamwambia hivi." Akainuka, akatafuta mlango wa nyumba yake kwa mkono kama mtu aliyeingiwa na giza, akaingia.

Mkulima aliinamisha kichwa. Akaigeuza baiskeli irudi Maruku; ilikuwa nzito na njia ilikuwa ya kupanda. Niliweka ufagio ukutani, nikamwambia yule mama amshushe mtoto mgongoni ampakate, nikachukua nafasi yake nyuma ya magunia. Tukasukuma.